Mgeni, Mwenyeji na Lugha Iliyo Kati Yao: Namna ya Kuandika Hadithi ya Mhamiaji kwa Kiswahili

Anayeamua kuandika hadithi ya mtu aliyehamia nchi nyingine huanza, mara nyingi, na uwanja wa ndege, baridi kali na sanduku moja. Mambo hayo si mabaya, ila hayamsaidii sana, kwa sababu yanaeleza safari, ilhali ugumu wa hadithi ya namna hii huanza baada ya safari kwisha, pale mhusika anapofumbua mdomo na kutambua kwamba kila atakalotamka litamtaja kuwa mgeni au mwenyeji. Neno hili la pili lina utajiri ambao mwandishi hana budi kuutumia: mwenyeji ni mtu wa mahali, na papo hapo ni yule anayempokea mgeni. Kwa hiyo swali la kama mhusika wako amekuwa mtu wa kule alikohamia halijibiwi na cheti cha uraia, wala na hotuba yake mwenyewe juu ya utambulisho. Linajibiwa siku anapomwelekeza mtu mwingine njia, kwa lugha ya pale, bila kujishtukia. Mwongozo huu unahusu namna ya kuifikisha hadithi kwenye siku hiyo, au kuonyesha kwa nini haifiki, lugha ikiwa ndiyo nyenzo kuu.

Anza kwa kuamua nani anazungumza lugha gani

Kabla ya kuandika mazungumzo hata mstari mmoja, waorodheshe wahusika wako wote, na mbele ya kila jina uandike lugha anazozijua, alijifunzia wapi kila moja, na kwa umri gani. Kisha uchukue kila jozi ya wahusika uamue lugha wanayoitumia wakiwa peke yao, na lugha wanayoigeukia anapoingia mtu wa tatu. Kazi hii inachosha na haina mvuto wowote, lakini ndiyo inayofichua mahusiano. Mume na mke waliohama pamoja wanaweza kuwa wanagombana kwa lugha ya kwao na kupatana kwa lugha ya ugenini, mbele ya watoto. Dada aliyezaliwa kabla ya safari na mdogo wake aliyezaliwa baada yake wanaweza kuwa na mazungumzo ya miaka mingi ambamo mkubwa husema kwa lugha moja na mdogo hujibu kwa nyingine, na hakuna kati yao anayeliona hilo kuwa jambo la ajabu mpaka anapokuja mgeni kuwashangaa.

Usisahau kuuliza kama Kiswahili chenyewe ni lugha ya nyumbani kwa mhusika wako. Kwa wengi wanaotoka Afrika Mashariki na Kongo, Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya pili, lugha ya shule, soko na safari, na huko ughaibuni ndicho kinachogeuka kuwa lugha ya undugu kati ya watu ambao kwao hawakuwa na undugu wowote. Mkimbizi wa Kongo na mwanafunzi wa Kenya wanaokutana katika mji wa Marekani huzungumza Kiswahili viwili tofauti, na hata namna kila mmoja anavyokisikia cha mwenzake ni habari ya kutosha kurasa kadhaa.

Katika orodha hiyo kuna watu ambao waandishi wengi huwaacha nje, nao ni wahamiaji waliotoka kwingine. Miswada mingi ya aina hii ina pande mbili tu, mgeni upande mmoja na wenyeji wote upande wa pili, kana kwamba mji mzima una kabila moja. Hali ilivyo ni kwamba mwenye nyumba wa kwanza wa mhamiaji, msimamizi wake wa kwanza na rafiki yake wa kwanza huwa, mara nyingi, ni watu waliomtangulia kuhama kutoka nchi nyingine kabisa, na lugha inayowaunganisha si ya yeyote kati yao. Serikali zikizungumzia tamaduni nyingi huzungumzia jumuiya zinazoishi bega kwa bega. Kanada ilitangaza sera hiyo mwaka 1971 na kuitungia sheria mwaka 1988. Riwaya haina haja na jumuiya. Inahitaji watu wawili kwenye ngazi ya jengo moja, kila mmoja akiwa na maneno mia mbili ya lugha ya kuazima, wakijaribu kusaidiana kubeba kitanda.

Kiswahili kinaposimama badala ya lugha nyingine

Hapa ndipo penye kazi kubwa, nami nitakaa hapa kwa muda. Mhusika wetu akizungumza na msimamizi wake huko ughaibuni, kwa kweli hawazungumzi Kiswahili, na hali ukurasa ni wa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Ukiyaandika mazungumzo yote kwa ufasaha uleule, msomaji atasahau kwamba mhusika yuko ugenini. Ukiyaandika kwa Kiingereza au Kijerumani, utakuwa umemfungia mlango msomaji uliyemwandikia.

Njia moja ya kutokea ilionyeshwa zamani na Henry Roth katika riwaya yake ya mwaka 1934, Call It Sleep, inayohusu familia ya Kiyahudi iliyohamia New York. Roth aliandika kwa Kiingereza, lakini mazungumzo ya nyumbani, ambayo kwa hakika ni ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, aliyapa Kiingereza kilichosanifiwa, chenye mdundo na picha, ilhali Kiingereza chenyewe cha watoto wa mtaani alikiandika kikiwa kimevunjika, kama kinavyopiga masikioni. Msomaji huhisi mara moja ni wapi watu hawa ni wakamilifu na ni wapi wamepunguzwa. Kanuni ya kuchukua hapo ni kwamba ufasaha wa maandishi ufuate uenyeji wa msemaji, na si lugha ya kitabu.

Kwa Kiswahili, njia ya kwanza inayokuja akilini ni kuvuruga upatanisho wa ngeli, mhusika aseme "mtoto yangu iko gonjwa" au "mimi taka fanya kazi". Ningeshauri uiepuke, au uitumie mara moja tu na kwa sababu mahsusi. Masikio yetu yamezoezwa na vichekesho vya redioni na vya jukwaani kucheka kila yanaposikia mgeni akikosea ngeli, na kicheko hicho hakitauliza kwanza kama ukurasa wako ni wa huzuni. Utakuwa umemfanya kichekesho yule uliyekusudia kumheshimu.

Iko njia tulivu zaidi. Kiswahili kinachosemwa na mtu aliyestarehe kimejaa vijineno ambavyo havina uzito wowote kwenye kamusi, lakini ndivyo vinavyobeba hali ya msemaji: basi, kumbe, eti, mbona, hata, jamani. Viondoe, ufupishe sentensi, uondoe na methali, halafu uache sarufi ikiwa sahihi kabisa. Mtu yuleyule atakuwa mkavu ghafla, mwenye tahadhari, kama aliyevaa viatu vya kuazima. Tazama mzee mmoja akimsimulia mwanawe yaliyotokea kazini, kwa lugha yake:

"Basi ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Kumbe yule bwana tangu asubuhi alikuwa akijua, ila eti alikuwa akisubiri mimi ndiye nimuulize. Mbona hakusema?"

Na huyu hapa mzee huyohuyo, jambo lilelile, akilieleza ofisini kwa lugha ya ugenini:

"Msimamizi alijua asubuhi. Alisubiri nimuulize. Sikuuliza. Sasa ninajua."

Hakuna kosa hata moja katika maneno ya pili, na hakuna wa kumcheka. Kilichopotea ni lawama, mshangao na ule ucheshi mdogo wa "eti", yaani karibu kila kilichomfanya awe yeye. Ukishaufanya mpango huu kuwa kawaida ya kitabu, msomaji ataujua bila kuambiwa, na wewe hutahitaji tena kuandika "alisema kwa Kiingereza" mwishoni mwa kila kauli.

Mpango huu una faida nyingine: unaweza kukua. Xiaolu Guo, katika riwaya yake ya mwaka 2007 kuhusu mwanamke wa Kichina anayejifunza Kiingereza London, alimwachia msimulizi aanze na Kiingereza chenye makosa mengi na kukinyoosha polepole kadiri kurasa zinavyokwenda, hata ukuaji wa sarufi ukawa ndio ukuaji wa mtu. Kwa upande wetu, virudishe vile vijineno kimoja kimoja. Hebu mhusika aseme "kumbe" yake ya kwanza katika lugha ya ugenini mnamo sura ya sita. Hebu afanye mzaha wa kwanza katika sura ya tisa, na usifanikiwe, na wa pili ufanikiwe. Mtu anayeweza kuwachekesha watu kwa lugha yao ameshapata kiti barazani, hata kama makaratasi yake bado yako ofisini.

Lipo pia suala la maneno anayoambiwa yeye. Karani kijana wa huko humwita bibi wa miaka sabini kwa jina lake, bila "mama" wala "bibi" mbele yake, na katika lugha ya karani hilo si utovu wa adabu hata kidogo; huenda ni ukarimu. Likiandikwa kwa Kiswahili, "Keti hapo, Zuhura" ni kofi. Usilifunike kwa kuongeza heshima ambayo karani hakuisema, na usimfanye karani kuwa mtu mbaya. Acha sentensi ikae jinsi ilivyo, msomaji apigwe na lile kofi, kisha uonyeshe tabasamu la karani. Kutoelewana kwa tamaduni, ambako wengine hukuandikia aya nzima za maelezo, kutakuwa kumekwisha kuelezwa.

Maneno ya kuacha yalivyo

Yapo maneno ambayo hayafai kutafsiriwa. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, huacha maneno ya Kiswahili ndani ya Kiingereza chake, na amewahi kueleza kwamba hakubaliani na desturi ya wachapishaji ya kuyaweka maneno hayo kwa herufi za mlazo au kuyawekea sherehe, yaani orodha ya maana za maneno, mwishoni, kwa kuwa desturi hiyo hukifanya kilicho cha kawaida kwa wahusika kionekane cha ajabu. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuko upande wa pili wa mto huohuo. Maneno ya kigeni kwetu ni ya kule walikohamia, na jaribu la kuyaweka kwa mlazo ni lilelile.

Kipimo changu ni hiki: neno ambalo wahamiaji wenyewe wameshalimeza na kulipa umbo la Kiswahili liandikwe kama wanavyolitamka, bila alama wala maelezo. Watanzania walioko nje husema kubeba boksi wakimaanisha kazi za sulubu kwa ujumla, hata pasipo na boksi. Husema makaratasi wakimaanisha hadhi yote ya kisheria ya mtu. Na husema kujilipua wakimaanisha kuomba ukimbizi, mara nyingi kwa maelezo yasiyo ya kweli. Neno hili la mwisho lina hadithi nzima ndani yake, na mwandishi anayeliacha ili aandike "kuwasilisha maombi ya hifadhi" ametupa dhahabu akachukua bati. Isipokuwa, bila shaka, anayezungumza ni wakili.

Tahadhari moja: usiache neno la kigeni kwa ajili ya kupamba tu. Mhusika hachanganyi ndimi ovyo. Huchanganya anapotaka kujikweza, anapoficha jambo mbele ya mtu, anapotaja kitu alichokijulia huko huko na kisicho na jina nyumbani, au anapochoka. Kama huwezi kutaja sababu mojawapo, andika Kiswahili.

Mtoto mkalimani

Karibu kila hadithi ya uhamiaji ina mtoto anayewatafsiria wazazi, na karibu kila mara tukio hilo hupotezwa. Hivi ndivyo linavyoandikwa kwa kawaida:

"Daktari alisema kwamba uvimbe ule ulihitaji kupasuliwa haraka. Binti alimtafsiria mama yake. Mama alihuzunika sana, akakikumbuka kijiji chake."

Kila kitu kimesemwa na hakuna kilichotokea. Sasa mpe mtoto usimulizi, uwanyime wasomaji maneno ya daktari:

"Daktari alizungumza kwa muda mrefu, akinitazama mimi.

'Anasemaje?' aliuliza Mama.

'Anasema utalala hapa siku chache.'

'Maneno yote yale ni siku chache?'

Neno lenyewe nililijua kwa lugha yao. Tulifundishwa darasani, lilikuwa na picha. Kwa lugha yetu sikuwa nalo. Nilikuwa nimelisikia mara moja tu, nikiwa mdogo, likisemwa kwa kunong'ona, na mlango ukafungwa.

'Mwambie nimeelewa,' alisema Mama.

Nikamwambia daktari kwamba ameelewa."

Katika toleo hili mama na binti wamebadilishana nafasi bila msimulizi kulisema hilo. Mtoto ni mwenyeji mahali ambapo mama ni mgeni, lakini yeye pia ni mgeni katika lugha ya mama yake, kwa sababu alihama kabla hajafikia umri wa kuambiwa maneno mazito. Pengo la lugha ya nyumbani ndilo linaloumiza zaidi kuliko pengo la lugha ya ugenini, na ndilo lisiloandikwa sana. Ukiwa na mhusika aliyehama akiwa na miaka saba, jiulize ni maneno gani ambayo mtoto wa miaka saba hawezi kuwa nayo: ya mapenzi, ya maziko, ya madeni, ya matusi makubwa. Atakapokuwa mtu mzima atayatafuta, na atayatafuta kwa nani?

Majina, miaka na makaratasi

Majina yanastahili kupangwa mapema. Fomu za nchi nyingi huamini kwamba kila mtu ana jina lake na jina la ukoo, ilhali kwa watu wengi jina la pili ni la baba na la tatu ni la babu. Matokeo yake ni kwamba baba na mwanawe husimama mbele ya afisa mmoja wakiwa na majina tofauti ya mwisho, na baba hutakiwa athibitishe kwamba mtoto ni wake. Huhitaji kubuni mkasa mkubwa zaidi ya huo.

Kuhusu sheria, jifunze mwaka. Mtu aliyetoka katika koloni la Uingereza akaingia London mwaka 1956 aliingia kwa haki ya uraia iliyowekwa na sheria ya mwaka 1948. Ndugu yake aliyechelewa hadi baada ya sheria ya mwaka 1962 alikuta mlango umeegeshwa. Ujerumani Magharibi ilisaini mkataba wa kuajiri wafanyakazi kutoka Uturuki mwaka 1961, ikawaita "wafanyakazi wageni", na ilikuwa mwaka 2000 ndipo sheria ilipoanza kuwapa watoto wa wageni waliozaliwa humo uraia kwa kuzaliwa, nako kwa masharti. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao walipewa jembe siku ya kwanza na wakabaki wageni kwa karibu miaka 40. Tarehe hizi hazihitaji kuonekana kitabuni, lakini ukizikosea, mhusika wako ataogopa asichopaswa kukiogopa.

Kunyamaza, na lugha ya msimulizi

Si kila asiyezungumza hajui lugha. Katika riwaya ya Gurnah ya mwaka 2001, By the Sea, mzee anayewasili kwenye uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, kuomba hifadhi anajifanya hajui Kiingereza, kwa kuwa ameshauriwa hivyo, na kunyamaza kwake kunasogeza mbele hadithi nzima, maana hatimaye anatafutwa mtu wa kumtafsiria, na mtu huyo anahusiana na jina ambalo mzee analitumia. Jaribu kumpa mhusika wako siri ya namna hii: anaelewa zaidi ya wanavyodhani. Watu watasema mbele yake yale ambayo wasingeyasema, na msomaji atakaa naye pale, akisikia.

Lugha ya msimulizi nayo ni uamuzi. Sam Selvon, mwandishi mzaliwa wa Trinidad, katika riwaya yake The Lonely Londoners ya mwaka 1956, alianza na Kiingereza sanifu, kazi ikakataa kwenda, mpaka alipompa msimulizi mwenyewe lafudhi na sarufi ya Trinidad kama wahusika wake. Sisi hukimbilia Kiswahili sanifu kwa msimulizi na kuwaachia wahusika lahaja, hata msimulizi akaonekana kama afisa anayewaangalia kwa mbali. Andika kurasa mbili za mwanzo mara mbili, moja kwa Kiswahili sanifu na nyingine kwa Kiswahili cha mhusika mkuu, kiwe cha Mombasa, cha Unguja, cha Lubumbashi au cha vijana wa mjini, kisha uzisome kwa sauti. Ile inayokufanya usahau kwamba unasoma ndiyo yako.

Mswada ukishakamilika, ufiche maelezo yote ya msimulizi, ubaki na kauli za wahusika tu, umpe mtu asiyeijua hadithi. Muombe aandike pembeni ya kila kauli kama inasemwa kwa lugha ya nyumbani au ya ugenini. Atakapokosea, rudi kwenye kauli hiyo uhesabu vijineno vyake. Kisha tafuta msomaji aliyewahi kuishi nje na msomaji ambaye hajawahi kuvuka mpaka, uwape nakala nzima, na kila mmoja aweke alama mahali alipokwama. Alama zikiangukia ukurasa mmoja, urekebishe. Zikiwa za yule wa kwanza peke yake, umekosea jambo la kule. Zikiwa za yule wa pili peke yake, soma tena kabla ya kugusa chochote, maana huenda amekwama palepale alipokwama mhusika wako.